Tochi ya Mita Elfu Moja na Mia Mbili

Jumatatu, 6 Mei

Imefika. Nimeipokea gatini asubuhi, ndani ya boksi jeusi, imelazwa kwenye sponji kama kito cha askofu. Tochi ya LED. Shingo nene, kichwa kipana, uzito wa kuheshimika. Boksi limeandikwa mita 1200. Mchuuzi wa mjini Castro ameniambia hizo si porojo, kuna watu kazi yao ni kupima tu: unasimama gizani, unamulika, na pale mwanga unapobaki hafifu kama wa mbalamwezi, hapo ndipo wanaandika namba. Nimemwambia nimeelewa. Nimeelewa kiasi.

Nguruwe wetu ameondoka kwenye lori la mchuuzi, badala ya fedha.

Nayaandika haya hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nguruwe yule alikuwa wa minga. Dhoruba ya Aprili imekula ukingo wetu wa bahari, na sasa kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye poromoko ni mahali pa kutundikia nguo tu, tena nguo chache. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 18 majirani wanakuja kuifunga nyumba kamba na kuivuta nzima kwa maksai, na jiko lake ndani, na mapazia yake, hadi kiwanja cha juu. Minga hailipwi. Minga inalishwa. Wanakuja watu nusu ya kijiji chetu cha Huitauque na wenye maksai wote wa kisiwa cha ng'ambo, Tauquil, na wote wanategemea kukuta shimo la kupikia curanto linafuka moshi, lina kome, viazi na nguruwe. Kwa sasa lina kome na viazi.

Edelmira ameuliza mbona bandani kimya. Nimemjibu nguruwe nimempeleka kwa binamu akanenepeshwe. Akasema alikuwa mnene tayari. Nikasema mnene zaidi. Mke wangu akinyamaza baada ya jibu langu, mimi huwa natokwa jasho mgongoni. Leo limetoka.

Mpango wangu ni safi. Wafanyakazi wote wa mashamba ya kome wanatoka na mashua kabla hakujapambazuka. Kila mmoja atataka tochi kama hii. Mimi ndiye wakala. Kufikia tarehe 18 nitakuwa na nguruwe wawili.

Jumanne, 7 Mei

Hakuna aliyenunua. Wamesema waione kwanza ikifanya kazi. Mchana! Nimewaambia wasubiri giza, wakasema gizani wako kwao na soksi zao.

Rosamel Barría, jirani yangu wa uzio kwa uzio, ameishika, ameigeuzageuza, ameinusa. Huyu ni mtu ambaye tangu tukiwa shule hajawahi kukubali kwamba nina kitu. Ana taa ya mafuta ya babu yake, kioo kimeungwa kwa waya, na anaisifia kuliko wanawe. Akasema mbele ya watu kwamba mita elfu moja na mia mbili ni uongo wa boksi, kwamba tochi hii haivuki hata mlango wa bahari, na kwamba mimi ningeuziwa hata ukungu kwenye gunia.

Nimepandwa na damu kichwani. Kutoka ufukwe wetu hadi kanisa dogo la Tauquil ni kilomita moja, kila mtu anajua. Nikasema itafika ukutani mwa kanisa, na kuzidi. Akasema tuweke dau. Akaweka nguruwe wake.

Nguruwe! Nilidhani malaika wamenikumbuka. Nikasema haraka nakubali. Akauliza mimi naweka nini. Kila mtu ananitazama. Ulimi ukaniponyoka ukasema jiko.

Jiko la kuni la Edelmira. La chuma, la mama yake, lenye reli ya kukaushia soksi. Tumeshikana mikono.

Alhamisi, 9 Mei

Jaribio la kwanza, nyumbani, kwa tahadhari. Nimetundika shuka jeupe la Edelmira kwenye uzio wa mwisho wa shamba la viazi, giza lilipoingia nikarudi mlangoni nikamulika.

Sikuona shuka. Niliona manyunyu. Hapa Mei inanyesha hivi hivi, si mvua wala si kukauka, na mwanga wote ukanaswa humo. Badala ya kwenda na kutua mbali kama adabu inavyotaka, ukasimama hewani mbele yangu kama mlingoti mweupe. Mzuri ajabu, lakini mtu aliyesimama nyuma ya tochi haoni mwisho wake. Nimekumbuka sasa maneno ya mchuuzi: anayepima lazima awe na mwenzake kule unakotua mwanga.

Mbwa wote wa Huitauque wamebweka. Ng'ombe wa Rosamel ameruka uzio, amepita na shuka. Edelmira ameuliza shuka liko wapi. Nimesema upepo. Hapakuwa na upepo.

Nimempigia simu shemeji yangu Nolberto, kaka yake Edelmira, anayeishi Tauquil. Kesho saa moja jioni asimame kando ya kanisa, aangalie ukuta, kisha aje aseme mbele ya Rosamel alichoona. Nimemwomba asimwambie dada yake. Amecheka, amesema, "Shemeji, wewe utaniua siku moja." Ameahidi.

Ijumaa, 10 Mei

Nimefanya. Tochi nimeiegemeza kwenye jiwe. Rosamel alikuwepo na taa yake ya babu, amejifunika poncho, anatafuna. Saa moja kamili nimebonyeza kitufe. Manyunyu yaleyale. Mlingoti mweupe ukainuka kutoka ufukweni, ukavuka maji, ukapotea ng'ambo. Nimeupeleka kulia na kushoto taratibu ili Nolberto asiukose. Nimeuzima, nimeuwasha, nimeuinua juu kidogo.

Kengele ya kanisa la Tauquil ikaanza kulia. Nikamwambia Rosamel huyo ni Nolberto, anatupa ishara. Ikalia sana. Rosamel akasema shemeji yako ana mkono mrefu. Kisha ikanyamaza ghafla na taa zote za kisiwa zikazimika, nyumba moja baada ya nyingine. Tukaangaliana. Rosamel akageuka akaenda kwake bila hata kunibeza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jumamosi, 11 Mei

Lancha ya asubuhi, ile boti ya abiria, imeleta habari, na mimi nimekalia kuti kavu.

Jana Tauquil walikuwa kwenye sala za novena. Kanisa limejaa. Ghafla madirisha yote yamekuwa meupe. Wametoka nje na kuona juu ya maji meli, imewaka mwanzo hadi mwisho, ina mlingoti unaofika mawinguni, inayumba kulia na kushoto bila sauti. Caleuche. Meli ile ambayo wazee wetu hawaitaji kwa jina ukiwa umekaa mezani, inayobeba waliozama, isiyo na bandari, inayomshushia mzigo yule tu aliyefanya nayo mapatano.

Don Eliseo Nahuelquín ndiye mwongoza sala wa kanisa, na ndiye mkubwa wa wenye maksai. Amewaamuru waumini wapige magoti, wasikimbie, imani ni ngao. Walipofumbua macho yeye hayupo. Ametoka kwa dirisha la sakristia, akapita na kioo chake.

Nimempigia Nolberto. Nikamwambia, lakini wewe ulijua ni tochi. Akasema alijua, shemeji, alijua kabisa, ila watu walipoanza kukimbia hakuwa na uhakika tena. Na kwamba katika kukimbia alimpita mama mmoja mwenye fimbo na hakumsaidia. Kwa hiyo hatatoa ushahidi wowote, na nikimtaja atasema mimi ni mwongo, na watu watamwamini kwa sababu ni kawaida.

Jumatatu, 13 Mei

Don Eliseo ametuma ujumbe. Maksai wa Tauquil hawavuki maji ambayo Meli imepita, si Jumamosi hii wala kabla ya Pasaka ijayo. Anasikitika. Anatuombea.

Trekta haziwezi kazi ile, zinazama kwenye tope la mteremko. Bila maksai hakuna minga, na bila minga nyumba inashuka baharini dhoruba ijayo na sisi tukiwa kitandani. Edelmira ameusoma ujumbe, ameukunja, ameuweka chini ya chupa ya chumvi. Ameanza kutoa sahani kabatini na kuzifunga moja moja kwa magazeti. Nimemuuliza anafanya nini. Amesema nyumba ikianguka, angalau sahani zisianguke nayo. Mama yake alizaliwa humu. Usiku udongo ukimong'onyoka tunausikia sote wawili, na hakuna anayegeuka.

Nimefikiri hadi kichwa kimeuma. Nikisema ilikuwa tochi, nashinda dau na napata nguruwe. Lakini nitakuwa nimewaambia watu wa kisiwa kizima kwamba wamekimbia balbu, na don Eliseo kwamba amevunja kioo cha kanisa bure. Mtu wa namna hiyo hakuazimi hata kamba. Nikinyamaza, Meli bado iko majini na maksai hawaji. Nguruwe bila maksai, au bila nguruwe na bila maksai. Maji yamenifika shingoni.

Baadaye, baada ya vikombe viwili vya chai ya mate: nimepata! Kinachowatisha ni kwamba Meli ipo. Basi iondoke. Waione ikiondoka kwa macho yao.

Jumanne, 14 Mei

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Giza lilipoingia nimewasha tochi pale pale ufukweni, nikaielekeza juu, nikaanza kutembea kuelekea rasi na bahari kuu. Pole pole, kwa heshima, kama meli inayoaga. Nia yangu ilikuwa kufika nyuma ya mwamba wa mwisho na kuzima. Kwaheri Meli, karibuni maksai.

Sikuangalia maji kujaa. Karibu na mwamba wimbi limenifika kiunoni. Nimesimama. Nimejaribu kupanda, nikateleza. Sikuwa na njia ila kurudi, na kurudi gizani juu ya mawe yale bila mwanga ni kuvunja shingo. Nimerudi na tochi ikiwaka, huku nakimbia, kwa sababu baridi ilikuwa imefika kwenye mifupa. Nimepanda njia ya poromoko, nimeingia mlango wa nyuma, nimefunga, nimezima.

Edelmira alikuwa anapaka unga kwenye milcao, mikate yake ya viazi. Ameniangalia nilivyolowa. Nimesema nilikuwa natafuta shuka.

Jumatano, 15 Mei

Pwani zote mbili zimeona. Meli ilielekea nje, ikasimama, ikawaza, ikageuka, ikaja mbio hadi nyumbani kwa Belarmino Chiguay, yaani kwangu, na kutoweka ndani yake.

Sasa wanajumlisha. Boksi jeusi lililoteremshwa gatini. Nguruwe aliyetoweka bila kuchinjwa. Mke anayefunga vyombo. Wanasema nimefanya mapatano na mzigo umeshafika.

Sijawahi kuheshimiwa hivi, na inatisha. Dukani watu wamenipisha foleni. Mtu ambaye hajanisalimu tangu ugomvi wa mbwa amevua kofia akaniita don Belarmino, akauliza afya yangu huku anarudi nyuma. Na wote wa Huitauque waliokuwa waje Jumamosi wamepita mmoja mmoja kuomba radhi. Huyu mgongo. Yule harusi ya mpwa. Mwingine amesema tu, "Don, mimi kamba za nyumba hiyo sizishiki, naomba usinifikirie vibaya." Kamba moja tu imebaki kwenye uzio, ya kwangu.

Nimekaa jikoni nikaliangalia jiko. Linapendeza. Linapasha joto nyumba nzima.

Alhamisi, 16 Mei

Asubuhi kulikuwa na nguruwe langoni. Mkubwa, ameoshwa, amefungwa kwa kamba mpya.

Nyuma ya kichaka alikuwa Rosamel. Yule Rosamel! Hakuja karibu. Akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na daktari, "Jirani, sisi tumekua pamoja, hatuna ubaya, au siyo?" Nikasema hatuna. Akasema lile la jiko lilikuwa mzaha tu, nguruwe ni zawadi, na kama wale wageni wangu wanaulizia nyumba za jirani niwaambie kwake kuna viazi tu, tena vya mwaka jana. Nilitaka kumwambia, Rosamel, ulikuwepo, uliiona tochi kwa macho yako! Akasema ndiyo, tochi aliiona. Ila alichokiona kule mbele ya tochi hakikuwa cha tochi. Kisha akaondoka kinyumenyume.

Nilikuwa nimeanza kufurahi. Edelmira akatoka, akainama, akamgeuza nguruwe kichwa. Akasema wetu alikuwa na sikio jeusi.

Nimejaribu kusema binamu amempaka.

Akanikalisha. Nimemwambia yote, nguruwe, mchuuzi, shuka, kaka yake, kutembea kwangu ufukweni. Alisikiliza kwa mikono mapajani. Nilipofika kwenye jiko akasimama. Akaenda akaliwekea mkono, kama mtu anavyomgusa mgonjwa kipaji cha uso. Nilitamani anipige. Akasema, "Ungeniweka mimi dau, Belarmino, ningekuelewa vizuri zaidi." Nililia kidogo. Yeye hakulia.

Kisha akatazama nje dirishani, ng'ambo, na akauliza jambo moja tu: kweli inafika?

Nikasema inafika.

Ijumaa, 17 Mei

Edelmira amevuka na lancha ya asubuhi, tochi ndani ya gunia la viazi. Kutwa nzima nimezunguka nyumba. Nimehesabu vigae vya mbao ukutani hadi nikachanganyikiwa. Kila lancha ikipita roho juu juu. Nilifikiri atabaki kwa kaka yake na angekuwa na haki.

Amerudi jua likizama. Amevua buti, amekunywa chai ya mate, ndipo akasema. Alimkuta don Eliseo peke yake jikoni. Akafunga mapazia, akaiwasha tochi chini ya meza. Paka akahama nyumba. Don Eliseo, uso mwekundu, akasema mume wako atajibu mbele ya kisiwa kizima. Edelmira akamwambia ni sawa, don Eliseo, kisiwa kizima kikusanyike, na hapo hapo tuulizie na hali ya lile dirisha la sakristia. Kwa upole, anasema. Najua upole wake.

Wameafikiana hivi. Meli ilikuwepo kweli. Sala za don Eliseo zimeifukuza, kutoka majini na kutoka nyumbani kwetu, na Belarmino ni mwenye dhambi aliyeokolewa. Kesho anavuka na maksai wote, na akivuka yeye Huitauque nao watakuja. Nguruwe wa Rosamel ni sadaka ya shukrani. Na tochi haiwashwi tena mbele ya watu, maana mtu yeyote akiuona ule mlingoti tena atajua.

Nimemshika mikono. Nyumba imepona. Nimemwambia yeye ni mwanamke wa ajabu, akasema anajua.

Lakini jambo moja halinitoki. Nimesema mambo mengi maishani mwangu na mengi yalikuwa uongo, nakubali. Hili moja lilikuwa kweli. Kilomita nzima, ukutani mwa kanisa, madirisha meupe! Hakuna mtu hapa aliyewahi kufikisha kitu mbali hivyo, na siruhusiwi kumwambia yeyote. Rosamel atakufa akiamini sijawahi kuwa na kitu.

Wanawake wamekuja kumenya viazi na nyumba imejaa. Nimetoka na tochi nyuma ya kilima, upande wa msitu, ambako hakuna mtu wa kuona. Kuaga tu. Manyunyu yalikuwa yamekatika na mwanga umekwenda safi, umetua juu ya miti ya mbali kabisa, nikaona majani. Nimekaa kwenye gogo nikautazama. Nimekaa hadi wanawake walipomaliza kumenya. Viazi vilikuwa vingi.

Jumamosi, 18 Mei

Wamekuja! Tishari limeleta maksai tangu alfajiri, pembe zinatoka kwenye ukungu. Don Eliseo ameshuka kwanza, ameinyunyizia nyumba maji ya baraka, halafu mimi, mengi kuliko ilivyohitajika, mengine sikioni. Nolberto amekwepa macho yangu. Rosamel amefika mwisho na taa yake ya babu mkononi, mchana kweupe, akasema huwezi kujua.

Wamechomeka magogo mawili marefu chini ya sakafu, wamefunga kamba, wamepanga maksai jozi kwa jozi. Don Eliseo akapiga yowe na nyumba yangu ikatembea. Nimeishi humo miaka yote na sikuwahi kuiona mgongo wake. Edelmira alikuwa anatembea kando yake, mkono ukutani. Kamba imekatika mara moja, gogo limezama mara mbili, na kila mara watu wakasimama kunywa chicha, kwa hiyo siku imekwenda.

Giza limetukuta kwenye mtaro, hatua chache kabla ya kiwanja. Nyumba ikainama. Upande mmoja uko juu, mwingine umeingia shimoni, na kila mtu anapiga kelele na hakuna anayeona kamba ipi ni ya nani. Maksai wa mbele wameanza kurudi nyuma. Nyumba ikatoa mlio ambao bado nausikia. Mle ndani kuna jiko, kuna sahani, na nyuma yake kuna mteremko wote hadi baharini.

Na mimi nina tochi chini ya poncho. Nilikuwa naibana kwa kiwiko tangu asubuhi. Nilimtazama Edelmira kwenye giza lile. Aliangalia nyumba, akaniangalia mimi, na mbele ya kila mtu, mbele ya don Eliseo na mapatano yao, akasema kwa sauti kubwa, "Washa, Belarmino. Washa!"

Sijawahi kupendwa hivyo. Nimeitoa. Nimeiinua juu. Nimebonyeza.

Imewaka nyekundu kidogo, kama sigara, ikazimika.

Msitu. Gogo. Viazi vilikuwa vingi.

Nimebonyeza tena na tena. Hapo Rosamel akapita pembeni yangu na taa ya mafuta, mwali wa kidole kimoja, kioo cha waya. Akashuka mtaroni hadi magotini, akaishika karibu kabisa na gogo, akaita kamba ya kushoto, kamba ya kulia, sasa, sasa, pumzika. Inchi kwa inchi. Nyumba ikanyooka, ikapanda, ikakaa.

Wamembeba Rosamel mabegani. Wamemla nguruwe wake na kumsifia yeye mwenyewe. Edelmira hajaniuliza kuhusu betri. Aliniangalia tu, mara moja, akaenda kuwasha jiko lake ndani ya nyumba yake.

Jumatatu, 20 Mei

Nyumba imekaa salama. Imeinama kidogo upande wa jikoni, yai likiwekwa mezani linaondoka, lakini hakuna sauti ya udongo tena usiku. Edelmira amelala hadi kumekucha. Asubuhi amenitengenezea chai ya mate bila kuombwa na ameniita mzee wangu. Ametaka niahidi, mkono juu ya jiko, kwamba mambo ya tochi yamekwisha. Nimeahidi kwa moyo wangu wote. Tochi ile imekwisha kabisa.

Nimelitafakari suala hili kwa utulivu, na ni wazi sasa kosa lilikuwa wapi. Betri. Kila kitu kingine kilikwenda sawa.

Mchuuzi wa Castro anasema kuna nyingine. Mita elfu mbili, betri mbili. Na kutoka kiwanja hiki cha juu, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, unaona juu ya Tauquil hadi mnara wa taa wa kisiwa cha nyuma yake. Nimemwonyesha Rosamel. Amekuwa haongeleki tangu Jumamosi, anatembea na ile taa kama mwenyekiti wa kitu. Akatazama, akacheka, akasema haifiki huko hata zikipita Pasaka mbili. Mbele ya watu.

Mchuuzi hataki nguruwe safari hii. Nimemweleza nilicho nacho na amesema atakuja na lori Alhamisi.

Edelmira ameuliza kwa nini napima jiko, kisha mlango wa jikoni, kwa kamba. Nimemwambia nataka tu kujua kama nyumba haikujipinda.